Nani Kala Ukoko

Paukwa!

— Pakawa!

Sufuria?

— Iko jikoni!

Ina nini?

— Haina kitu!

Nani kala?

— Si mimi!

Haya. Kila nikiuliza mnasema si nyinyi. Kaeni basi, na wewe unayecheka huko nyuma cheka sasa hivi umalize, maana ngano hii inaniudhi. Iliniudhi nilipoisikia, inaniudhi kila nikiisema. Lakini nitaisema.

Hapo zamani, wanyama walipokuwa bado wanasomea kazi, palikuwa na chuo cha ualimu kule Mawe Mapana. Katika chuo hicho alikuwamo Pimbi. Pimbi mnamjua. Mdogo, mnene kidogo, hana mkia, kutwa anaota jua juu ya mwamba. Ukimwona unaweza kumdharau, na wengi walimdharau, hata leo mtu akitaka kumtukana mwenzake anamwita pimbi. Lakini Pimbi huyu alikuwa na sauti. Akiimba bwaloni, waliokuwa wanakula waliacha kutafuna.

Chakula cha chuoni kilikuwa wali na maharage. Leo wali na maharage, kesho wali na maharage. Kitamu kilikuwa kimoja tu, ukoko, ule wali ulioungua ukagandamana chini ya sufuria. Na ukoko ulikuwa na sheria yake. Ukoko ni wa wote. Akitokea mtu kaukwangua peke yake akaumaliza, wanachuo walikusanyika, mmoja akakwangua sufuria tupu kwa kijiko, kwaru-kwaru-ku, na wote wakauliza kwa pamoja, "Nani kala?" Aliyekula alitakiwa kujibu, "Ni mimi." Wanauliza tena, anajibu tena. Akishakiri mara ya tatu kwa mdomo wake mwenyewe, anavikwa sufuria kichwani na kutolewa nje ya bwalo. Hapigwi, hashtakiwi kwa mkuu wa chuo. Ila aliyesoma pale, hata akizeeka, akisikia kwaru-kwaru-ku mdomo wake unauliza wenyewe: nani kala.

Mkwanguaji wa sufuria alikuwa Kobe. Kobe ni mzito wa kutembea lakini mkono wake na kijiko vilielewana, kwaru-kwaru-ku, kwaru-kwaru-ku, mpaka siku moja Korongo, mwenye miguu mirefu na gitaa lililokatika waya mmoja, akaketi kando yake na kuanza kupiga. Pimbi akaacha sahani yake akaimba juu ya mdundo huo. Bendi ikazaliwa hapo, kati ya benchi na dirisha la jikoni, wakaipa jina la Ukoko.

Nyimbo zao zilikuwa ndogo. Hazikuwa za kukata viuno, wala za kumsifu tajiri hadi akajiona nabii. Waliimba juu ya soksi moja iliyopotea bwenini. Waliimba juu ya mvua iliyonyesha siku ya mtihani. Na wimbo uliopendwa kuliko zote Pimbi alimtungia mama yake, aliyemlea juu ya mwamba wenye baridi, wakigombea mahali penye jua:

*Mama sogea kidogo,*
*jua limefika kwetu,*
*sogea nami nipate,*
*joto hili ni letu.*

Basi, ndiyo hivyo tu. Lakini Fisi, ambaye haoni haya kwa jambo lolote, alilia bwaloni mbele za watu.

Walipomaliza chuo wakasema ualimu utasubiri. Wakabeba gitaa, wakabeba sufuria waliyopewa na mpishi kwa kuwa ilikuwa imechakaa, wakaenda. Waliimba masokoni. Waliimba kwenye harusi za kina Ngiri, ambako watu hawasikilizi, wanachimba. Walilowa, walilala njaa, wakagombana na kupatana. Lakini kidogo kidogo, wakiingia mahali, wakawa wanakuta mtu anafua huku anaimba mama sogea kidogo. Pimbi akisikia hivyo alikuwa hataki tena chakula.

Hapo ndipo akaja Kiboko.

Kiboko alikuwa na ukumbi pale mtoni, ukumbi wenye paa na spika kubwa. Alipenda sana jina lake. Ukikutana naye ilibidi umwambie, "Mzee, wewe ni kiboko," naye anajibu, "Najua." Usipomwambia anakusimamia pale njiani mpaka umwambie.

"Wanangu," akasema Kiboko, "mimi nitawalea. Niiteni baba."

Watatu wale wakaenda pembeni kushauriana.

"Ana spika," akasema Korongo.

"Ana paa," akasema Kobe. "Mimi nimechoka kulowa."

"Ana mdomo mkubwa," akasema Pimbi.

"Ndio wa kututangaza huo," akasema Korongo, na Pimbi akanyamaza. Nami huwa natamani asingenyamaza.

Kwanza Kiboko akala jina. "Ukoko ni jina la njaa," akasema. "Kuanzia leo mnaitwa Kiboko na Wanawe."

"Baba, lile ni jina letu," akasema Pimbi.

"Wewe mtoto, unajua mimi nimekula chumvi kiasi gani?" Na jina likaliwa.

Kisha Kiboko akala nyimbo. Akasimama mbele za watu, akasema, "Nyimbo hizi nilizitunga mimi, nilipokuwa nasoma Mawe Mapana." Mawe Mapana hajawahi hata kupakanyaga. Shule yenyewe alitolewa kwa kumkalia mwalimu.

"Baba, ile ya mama nilitunga mimi," akasema Pimbi.

"Ulitunga ukiwa wapi? Chini ya paa la nani?" Na nyimbo zikaliwa.

Kisha, sikilizeni hapa, Kiboko akala sauti. Mimi nikifika hapa huwa nakunywa maji kwanza, maana koo linanikauka kwa hasira. Kiboko alitoa vyuma vyote ndani ya spika moja, akabakiza kasha tupu, akaliweka nyuma yake jukwaani. Akamwambia Pimbi, "Ingia." Pimbi akaingia. Kiboko akafunga kwa nje. Watu walipojaa, Korongo akapiga gitaa, Kobe akakwangua, na Pimbi akaimba ndani ya kasha, gizani, pua yake kwenye tundu. Kule mbele Kiboko alisimama amevaa koti linalong'aa, akifumba mdomo na kufumbua, fumba, fumbua, fumba, fumbua, akimwangalia Korongo, ambaye aliagizwa amwashirie kwa bawa.

Watu wakasema, "Jamani, mwili ule na sauti nyororo vile. Kweli huyu ni kiboko."

Na muziki wenyewe Kiboko hakuupenda. Kelele za spika na za watu zilimuumiza, kwa hiyo kabla ya kupanda jukwaani alichukua udongo wa mtoni akaziba masikio yake madogo, fyu, fyu, kushoto na kulia. Aliiba kitu asichotaka hata kukisikia. Mwizi wa njaa namwelewa. Huyu simwelewi.

Siku moja Pimbi akatoroka. Akaenda kwenye harusi ya Ngiri mmoja, akasimama juu ya jiwe, akaimba wimbo wa mama yake kwa sauti yake, kwa mdomo wake, mchana kweupe. Hata hajafika mwisho watu wakaanza kuzomea. "Acha kumuiga Kiboko," wakasema. "Imba zako, we pimbi." Alirudi mtoni kwa miguu, na Kiboko akamfungulia kasha, kama anayejua atarudi tu. Kobe hakuweza kumtetea. Sufuria yao ilifungiwa chumbani kwa Kiboko, ikitoka siku ya onyesho tu, na Kobe bila sufuria alijiona jiwe. Korongo alisema, "Tuvumilie." Kila siku Korongo alisema tuvumilie, na kila siku Pimbi alitamani kumng'ata mguu.

Hata hayo Pimbi aliyameza. Asiloweza kulimeza ni hili.

Mama yake alishuka kutoka mwambani kuja kumwona. Mzee, macho yameingia ukungu, ametembea njia nzima akiuliza, "Mwanangu anaimba wapi?" Wakamketisha ukumbini. Akasikiliza wimbo wake mwenyewe ukitoka mdomoni kwa Kiboko, mwanzo hadi mwisho. Baada ya onyesho Pimbi akamkimbilia nje.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia, mwanangu. Yule mzee anaimba vizuri." Akamshika kichwa, akampapasa masikio kama zamani. "Anaimba kama wewe ulivyokuwa ukiimba. Na wewe je, siku hizi unafanya kazi gani?"

Pimbi akatafuta jibu. Aseme nini? Mimi nakaa ndani ya kasha? Akasema, "Nipo, mama. Nasaidia saidia."

"Haya. Usiache kuimba," mama akasema. Akaenda kulala kwa kina Kobe.

Pimbi hakulia. Hasira ilimpanda kuanzia unyayoni, ikapita tumboni, ikafika kichwani ikakaa. Na hasira ikishakaa mahali hapo, pimbi anaanza kufikiri.

Basi mahafali ya chuo yakakaribia. Wanachuo wote wa zamani waliitwa, na mgeni rasmi, kwa kuwa alijitangaza amesoma pale, alikuwa Kiboko. Pimbi akamwendea akiwa na adabu nyingi, adabu ile ambayo ungekuwa na akili ungekimbia.

"Baba, kule chuoni wanapenda wimbo wa kuitikiana. Kobe atakwangua sufuria, watu watauliza, wewe utafumbua mdomo ujibu."

"Watauliza nini?"

"Si watauliza nani kala? Wewe si umesoma pale, baba, unajua."

Kiboko hakujua. Lakini atasemaje hajui? "Najua, najua," akasema. Kisha, kwa chini, "Kala nini, kwani?"

"Bata, baba. Nani kala bata hapa mjini kuliko wote."

Kiboko akacheka mpaka maji yakapanda ukingoni. "Kweli. Zaidi yangu nani mwingine?" Bata mmoja aliyekuwa akiogelea karibu na hapo akaondoka polepole bila kuaga.

Siku ikafika. Jua kali, uwanja wa chuo umejaa, wanachuo wa zamani wamevaa wakapendeza, wanasalimiana kwa majina ya bwenini. Mama Pimbi aliketishwa mbele, benchi la upande wa jua. Kiboko alihutubia kwanza. Alisema sana juu ya bidii. Alisema sana juu ya kujitegemea. Pimbi alikuwa ndani ya kasha tayari, anasikia kila neno, meno yamekutana.

Hotuba ikaisha. Kiboko akachota udongo aliokuja nao, fyu, fyu, kushoto na kulia. Korongo akainua bawa. Na Kobe, ambaye sasa alikuwa ameambiwa mpango wa Pimbi, akapiga kijiko chake kwenye sufuria.

Kwaru-kwaru-ku.

Vichwa vikageuka uwanja mzima. Halafu midomo ikajifungua yenyewe, ya Twiga, ya Fisi, ya walimu wakuu wenye mvi. "Nani kala?"

Kiboko akafumbua mdomo. Sauti nyororo ikatoka. "Ni mimi."

Watu wakacheka. Wakasema mzee ana utani, anakumbuka mambo ya bwaloni. Kiboko akaona meno yao, akajua wanamsifu, akainama kidogo.

Kwaru-kwaru-ku.

"Nani kala?"

"Ni mimi."

"Umekula nini?" wakazidi kumuuliza.

"Nimekula Ukoko," ikasema sauti nyororo, na Kiboko akafumbua na kufumba, fumbua, fumba, akatabasamu, akapunga mkono. "Nimekula Ukoko wote, sikumbakizia mtu. Nilianza na jina lao. Nikala nyimbo zao. Ile ya mama nimeila na mama mwenyewe akiwa amekaa mbele yangu ananisikiliza."

Sasa hakuna aliyecheka. Fisi aliyelia zamani alisimama juu ya benchi ili aone vizuri.

Kwaru-kwaru-ku.

"Nani kala?"

"Ni mimi, Kiboko. Nimekula mchana, nimekula mbele yenu, na nyinyi mmenipigia makofi."

Kiboko akasubiri makofi. Hayakuja. Akaangalia nyuso, akaziona tofauti na alivyozoea. Akatoa udongo sikio moja, akamwinamia Korongo. "Wanasemaje?"

"Wanasema umekiri," akasema Korongo.

"Nimekiri nini?"

"Kwamba umetula."

Hapo Kiboko akasahau koti lake, akasahau wimbo, akanguruma kwa sauti aliyozaliwa nayo. "Hoo-ho-ho-hooo! Si mimi niliyesema! Mimi sijasema neno, mimi nimefumbua mdomo tu!"

Sauti ile ilikwaruza, ilikuwa na matope ndani, na haikufanana hata kidogo na ile iliyotoka kwanza. Watu wakatazamana. Na mama Pimbi, ambaye haoni vizuri lakini anasikia, akauliza taratibu kutoka benchini kwake.

"Baba, kama mdomo ni wako na sauti si yako, aliyekuwa anaimba siku zote ni nani?"

Kiboko akatazama watu, akatazama kasha. Akisema ni yeye, basi ni yeye aliyekiri. Akisema si yeye, basi si yeye aliyeimba. Alisimama pale amefumbua mdomo, na kwa mara ya kwanza mdomo ule haukuwa na mtu wa kuujibia.

Ndani ya kasha ikasikika, "Ni mimi, mama."

Kobe akaacha sufuria, akaenda kwa mwendo wake, watu wote wanamngoja, akafungua kasha. Pimbi akatoka. Ana vumbi, macho yanauma kwa jua, mdogo kuliko walivyodhani. Akasimama mbele ya Kiboko, akamtazama juu, akasema, "Nilikwambia jina lile ni letu."

Kiboko akapanua mdomo wote, mpaka meno ya nyuma, amle na yeye aliyebaki. Lakini Korongo, aliyesema tuvumilie siku zote hizo, akasimama wima kwa miguu yake mirefu, akanyanyua sufuria juu na bila kumwomba mtu ruhusa akamvika Kiboko. Kwa! Sufuria ya kupikia chuo kizima ikameza pua, ikameza mdomo, ikashika. Kiboko akasema mmh. Akasema mmh-mmh. Watu wakamwonyesha njia ya kutokea, kwa mujibu wa sheria ya bwalo, naye akaishika mbio, kishindo kwa kishindo, du, du, du, mpaka mtoni, chubwi.

Na mpaka leo yuko humo. Mchana hatoki. Anachungulia kwa macho na pua tu, ukimkaribia anazama, anaogopa mtu asije akamuuliza. Na Kobe, kwa kuwa sufuria ilienda na maji, akaanza kukwangua gamba lake mwenyewe. Mtazameni mgongoni, mikwaruzo ya kijiko iko pale pale.

Msifikiri nimeshafurahi. Wale wale waliozomea kwenye harusi wakaja wamejipanga kumshika Pimbi mkono. "Sisi tulijua tangu mwanzo," wakasema. "Pimbi, wewe ni kiboko." Pimbi akawajibu, "Mimi si kiboko. Labda kiboko yake." Akawapita.

Akapanda juu ya kasha lile lile alilofungiwa. Hakutumia spika, zilizimwa. Kobe akajikwangua, kwaru-kwaru-ku, Korongo akapiga nyaya zilizosalia, na Pimbi akaimba kwa mdomo wake, kwa hasira, wimbo ambao hakuutunga kwa hasira. Mama sogea kidogo, akaimba. Jua limefika kwetu.

Na pale mbele, kwenye benchi la upande wa jua, mama yake akasogea kidogo.

Haya, mafunzo. Ngano haikosi mafunzo, mtanilaumu. Mafunzo ni haya: watoto, watiini wakubwa. Ukiwa na wimbo wako mzuri, usikae nao, mpelekee mwenye mdomo mpana, naye akikwambia ingia kashani, ingia, usinung'unike, na ukiachiwa tundu la pua ushukuru. Pimbi hakuwa na adabu. Mtazameni sasa, hana ukumbi, hana koti linalong'aa, kutwa yuko mwambani na mama yake wanaota jua bure. Msije mkawa kama yeye.

Nani kala?

— Kiboko!

Ahaa. Leo mmejua kutaja mtu. Ngano yangu nimeikwangua mpaka chini, aliyebaki na njaa akalambe kijiko, maana sufuria iko mtoni.